Wakazi wa Tungi la Maji

Mtu akiulizwa kilichomo ndani ya glasi ya maji, aghalabu hujibu: maji. Akionyeshwa maji ya kidimbwi atasema: maji na uchafu. Majibu yote mawili yana upungufu. Katika kijiko kimoja cha maji ya bwawa linywewalo na ng'ombe mna bakteria kwa mamilioni, na juu ya hao wamo wanyama wadogo wa kila umbo, wenye mikia, wenye magurudumu, wenye jicho moja, ambao huzaa, huwindana, hukimbizana na kufa pasipo sisi kusikia hata mnong'ono. Habari hii si ya vitabuni peke yake. Familia yoyote iishiyo kambini, hata ikiwa na chumba kimoja na dirisha moja, yaweza kuiona kwa macho yake ndani ya tungi la kioo. Na ipo sababu ya kuitazama iliyo kubwa kuliko udadisi. Miongoni mwa wakazi wa tungi hilo wamo ambao wamepata kuwalaza watu kitandani kwa maelfu katika Uganda hii, na ugonjwa uliobebwa na mmoja wao uliondoshwa nchini hasa kwa kuwa watu walijifunza ukubwa wa mwili wake.

Nimekuwa nikiweka matungi ya namna hii kwa miaka kadhaa, kwanza chuoni nilipokuwa nikisomea ualimu, kisha nyumbani. Jirani yangu, sajini wa polisi, alinikuta usiku mmoja nimeinama mbele ya dirisha na tochi mkononi. Akauliza, "Mwalimu, hao ni samaki gani wasioonekana?" Nikamjibu, "Afande, mimi nafuga maji." Alicheka sana, lakini tangu siku ile watoto wake ndio wanaotangulia kufika kila jioni.

Matayarisho yenyewe ni mepesi. Yatosha chupa ya kioo yenye mdomo mpana, ya lita 2 au 3. Ioshwe kwa maji matupu, kwani mabaki ya sabuni huwaua viumbe hawa. Chini tia tope la kidimbwi, unene wa vidole viwili, pamoja na jani moja lililooza na shina moja au mawili ya mmea uotao majini. Kisha jaza maji ya kidimbwi hicho hicho, lakini yasifike mdomoni, ili pabaki nafasi ya hewa. Funika kwa kipande cha chandarua kilichofungwa kwa mpira. Tungi likae dirishani penye mwanga, mahali ambapo jua la adhuhuri halilipigi, la sivyo maji yatapata moto na wote waliomo watakufa kwa siku moja. Maji yakipungua, ongeza ya mvua. Ya bomba yana klorini, kwa hiyo yaachwe wazi siku moja au mbili kabla ya kutiwa.

Hapa naomba nisikilizwe kwa makini. Katika sehemu nyingi za nchi yetu, hasa kando ya Ziwa Albert, Ziwa Victoria na Mto Nile, maji yana kichocho. Vijidudu vya ugonjwa huo hutoka katika mwili wa konokono wa majini, huogelea kwa mkia wenye ncha mbili kama panda, na hupenya ngozi ya mtu bila kuhitaji kidonda. Basi mtoto asitumwe kuchota. Achote mtu mzima aliyesimama pakavu, kwa kopo lililofungwa kwenye mti mrefu, na konokono waachwe huko huko waliko. Kijidudu cha kichocho kisipompata mtu huishi siku moja au mbili tu, kisha hufa. Kwa hiyo tungi likishawekwa dirishani, maji yake yasiguswe kwa siku tatu nzima, na baada ya hapo mikono ioshwe kwa sabuni kila mtu amalizapo kazi. Haya yakifuatwa, tungi halina hatari kubwa kuliko ndoo ya maji ya kufulia.

Chombo cha kutazamia ni lenzi ya mkononi, ile ikuzayo mara kumi, pamoja na tochi. Mwenye rafiki katika shule yenye hadubini ana bahati zaidi. Tangu mwaka 2014 ipo pia hadubini ya kukunjwa kwa karatasi, iitwayo Foldscope, iliyobuniwa na Manu Prakash na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Walikusudia vifaa vyake vigharimu chini ya dola moja, ili hata mtoto wa kijijini aweze kuwa nayo.

Mtu wa kwanza kuandika habari za wakazi hawa hakuwa mwanachuoni. Antoni van Leeuwenhoek, aliyezaliwa mwaka 1632 katika mji wa Delft, Uholanzi, alikuwa mwuza vitambaa, na tangu mwaka 1660 alikuwa pia mtumishi wa serikali ya mji, akitunza ukumbi wa mahakimu. (Sisi watumishi wa serikali, tusemwao kwamba hatuoni mbali kupita mafaili yetu, tunaye jamaa wa kujivunia.) Alisugua lenzi zake mwenyewe, nyingine ndogo kuliko punje ya mtama, akazibana katikati ya vibamba vya chuma. Mwaka 1674 alichukua maji ya ziwa moja karibu na mji wake, ambalo watu walisema hugeuka kijani wakati wa kiangazi kwa sababu ya umande. Akatazama. Aliona nyuzi za kijani zilizojipinda kama nyoka, na katikati yake wanyama wadogo wakipanda, wakishuka na kuzunguka. Aliwaandikia wataalamu wa London, na miaka miwili baadaye akawaandikia tena juu ya viumbe wadogo zaidi, ambao ndio tuwaitao leo bakteria. Wengi hawakumsadiki mpaka wengine walipotazama na kuona vivyo hivyo.

Sasa turudi dirishani kwetu, kwa kuwa utamu wa tungi hauko katika siku ya kwanza. Atakayetazama mara moja na kuondoka ataona tope limetulia chini, basi. Inampasa mtu atazame kila jioni kwa majuma sita au zaidi, na aandike katika daftari, hata ikiwa ni mstari mmoja.

Katika siku za mwanzo, kati ya ya tatu na ya sita hivi, maji hupoteza uangavu. Huwa kama yale yaliyooshewa mchele, na juu hutanda utando mwembamba wenye harufu. Mama mwenye nyumba atataka yamwagwe. Asiyamwage! Ukungu ule ni bakteria wanaokula jani lililooza na kuongezeka kwa kasi. Huo ndio msingi wa kila kitakachofuata, kama vile nyasi zilivyo msingi wa swala, na swala wa simba.

Wakiwapo wa kuliwa, walaji huja. Hujitokeza kwanza vijinyama vidogo mno vyenye mkia kama uzi, visivyoonekana pasipo hadubini. Hufuata paramesiamu, mwenye umbo la kandambili, urefu wake kama robo ya milimita. Jicho zuri laweza kumwona bila chombo chochote. Zima taa, mulika tungi kutoka ubavuni, nawe utaona kama vumbi jeupe linaloogelea. Vumbi la kawaida huzama au huelea, lakini hili hugeuka, hurudi nyuma likigonga kitu, kisha hushika njia nyingine. Paramesiamu hana mdomo wa meno wala miguu. Mwili wake umezungukwa na vinyweleo maelfu vinavyopiga maji kama makasia, na huwafagilia bakteria kwenye ufa ulio ubavuni mwake.

Huongezeka kwa kujigawa katikati, mmoja akawa wawili. Tuseme hujigawa mara moja tu kwa siku, ingawa akishiba hupita hapo. Mmoja wa leo atakuwa 1,024 baada ya siku kumi, na zaidi ya milioni moja baada ya siku ishirini. Nilipowapa watoto hesabu hii wakaifanya kwa mkaa sakafuni, binti mmoja wa darasa la tano aliniuliza swali ambalo lingemfaa profesa: "Mwalimu, mbona basi tungi halijajaa?"

Swali hilo lina historia. Mwaka 1912 Lorande Loss Woodruff, wa Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, alieleza jinsi viumbe wa maji yaliyolowekwa nyasi kavu wanavyopokezana, kundi moja likishamiri kisha likipungua na kulipisha jingine, kama askari wanaobadilishana lindo. Na mwaka 1934 Mrusi Georgii Gause, aliyefanya kazi Moscow, alitoa kitabu juu ya majaribio yake na paramesiamu. Aliwatia ndani ya vioo vidogo pamoja na adui yao mkubwa, kijinyama kiitwacho didiniamu, chenye umbo la pipa na pua iliyochongoka. Didiniamu waliwala paramesiamu wote hadi wa mwisho, kisha wao wenyewe wakafa kwa njaa. Gause alipoweka masimbi chini ya kioo, mambo yakageuka: baadhi ya paramesiamu walijificha humo, didiniamu wakakosa chakula wakafa, na waliojificha wakatoka wakajaza kioo upya. Ndiyo maana nilisema tope litiwe unene wa vidole viwili. Tungi lisilo na tope ni uwanja wa vita usio na handaki.

Kuelekea mwisho wa juma la pili au la tatu, maji hurudia uangavu wake. Asubuhi moja utaamka na kuona vizuri hadi upande wa pili wa kioo. Hapo ndipo wageni husema, "Sasa yamekuwa safi." La hasha! Ukungu umeondoka kwa sababu wengi wa waliouleta wameliwa, na walioula wako humo humo. Kama tungi zima lina funzo la jikoni, ni hili la juma la tatu. Maji yaangazayo kama kioo huweza kuwa na mji mzima ndani yake, na jicho peke yake halitoshi kuyapitisha kuwa ya kunywa.

Wakati huo huo huanza kuonekana dafnia, ambao wengine huwaita viroboto maji kwa ajili ya mruko wao. Wana urefu wa milimita 1 hadi 3, na kwangu hao ndio wapendezao kuliko wote, kwa sababu mwili wao waonyesha kilicho ndani. Chukua mmoja kwa kijiko, mweke juu ya kipande cha kioo pamoja na tone la maji, tazama kwa lenzi. Utaona utumbo wa kijani uliojaa mwani aliokula, jicho jeusi linalotetemeka, na nyuma ya mgongo moyo unaopiga upesi hata huwezi kuuhesabu. Chini ya moyo, katika mfuko, utaona mayai, au watoto waliokwisha umbika wakingoja kutoka. Wakati wa neema dafnia wote ni majike, nao huzaa majike bila dume. Chakula kikipungua au maji yakikauka huzaliwa madume, na majike hutaga mayai ya namna nyingine, yaliyofungwa ndani ya ganda gumu jeusi, yawezayo kukaa katika udongo mkavu hadi mvua zirudi. Kwa hiyo dimbwi la barabarani lililokauka tangu Januari huwa na dafnia siku chache baada ya mvua za Machi, na watu hujiuliza walishuka wapi.

Usishangae ukikuta vinyoo vyekundu vimejijengea vijumba vya tope chini ya tungi. Wekundu wao ni kama ule wa damu yetu, nao huwasaidia kupata hewa mahali penye hewa haba. Wakikua hupata mbawa. Wakazi wa kando ya Ziwa Victoria wanawafahamu jamaa zao, wale nzi wa ziwa wanaonyanyuka juu ya maji kama moshi wa treni.

Mgeni mwingine ahitaji subira zaidi. Tazama shina la mmea na upande wa kioo unaoelekea nuru. Huenda ukaona uzi mfupi, kama sentimita moja, wenye minyiri mwishoni. Gusa tungi, nao hujikunja ukawa kidonge. Huyo ni haidra. Habari zake zilipata sifa kwa mwalimu mmoja wa nyumbani, Abraham Trembley wa Geneva, aliyekuwa akiwafundisha watoto wawili wa bwana mkubwa karibu na mji wa The Hague. Mwaka 1740 yeye na wanafunzi wake walikuwa na matungi dirishani kama haya yetu, wakaona nyuzi za kijani wasizojua kama ni mimea au wanyama. Trembley aligeuza tungi, na baada ya siku chache nyuzi zikawa zimehamia tena upande wa nuru. Bado hakuridhika. Novemba 25 alikata mmoja vipande viwili, akijiambia kwamba kikiishi chote ni mmea, kikifa ni mnyama. Havikufa. Kipande cha kichwa kiliota mkia, na cha mkia kikaota kichwa chenye minyiri, na baada ya siku kama tisa hakuweza kuvitofautisha. Hata hivyo vilitembea na kukamata mawindo, kwa hiyo alikuwa mnyama. Kitabu chake kilitoka mwaka 1744, na wataalamu wa Ulaya walilazimika kufikiri upya maana ya neno mnyama. Yote hayo yalitoka katika tungi la mwalimu na watoto wawili.

Ukimwona haidra wako akimnasa dafnia, ita nyumba nzima. Mnyiri hugusa tu, na dafnia hukakamaa papo hapo, kwa kuwa minyiri imejaa vishale vidogo vyenye sumu. Kisha humezwa mzima mzima, na haidra huvimba kama soksi iliyotiwa chungwa. Ngozi ya mtu haidhuriki na vishale hivyo.

Sasa nimfikie yule niliyemtaja mwanzoni. Umbo lake ni kama tone la maji, urefu milimita 1 au pungufu, mwendo wake wa kurukaruka, na kichwani ana jicho moja tu jekundu au jeusi. Wataalamu walimpa jina la saiklopi, kwa jina la majitu yenye jicho moja ya hadithi za Wagiriki wa kale. Jike humtambua mara moja, kwa sababu hubeba mifuko miwili ya mayai, mmoja kila upande wa mkia, kama mama arudiye sokoni na vikapu viwili. Karibu kila bwawa, kila kisima cha wazi na kila kijito kisichokwenda kasi kina saiklopi. Umekwisha kunywa wengi bila kujua, na wao wenyewe hawana madhara.

Balaa alilolibeba ni mnyoo wa Guinea. Mgonjwa wa mnyoo huo hupata lengelenge mguuni lenye kuwaka kama moto. Akiingia majini kujipoza, lengelenge hupasuka na mnyoo hutapika watoto wake kwa maelfu. Hao huliwa na saiklopi. Mtu akinywa maji yale, saiklopi hufa tumboni mwake, lakini watoto wa mnyoo hawafi. Hupenya, hukua kimya kimya, na baada ya mwaka mmoja hivi mnyoo jike, mrefu hata kufikia mita moja, hutafuta njia ya kutokea, aghalabu mguuni. Huvutwa kidogo kidogo kwa kuzungushwa kwenye kijiti, siku baada ya siku, na mgonjwa hawezi kulima wala kwenda shule. Dawa ya kuutibu haipo, wala chanjo.

Mwaka 1992 Uganda ilihesabu wagonjwa zaidi ya 120,000, hasa katika wilaya za kaskazini. Askari waliotumika huko miaka ile watakumbuka. Silaha iliyotumika ilikuwa kitambaa. Saiklopi, ambaye watoto wetu humwona kwa lenzi ya bei rahisi, ni mkubwa mno kupita katika matundu ya kitambaa kilichofumwa vizuri. Kila nyumba ilifundishwa kuchuja maji ya kunywa, wagonjwa walikatazwa kuingia visimani, mabwawa yalitiwa dawa ya kuua saiklopi, na visima vya pampu vilichimbwa. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa ndani ya nchi alionekana mwaka 2003, na mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Uganda imeondokana na ugonjwa huo. Dunia nzima, iliyokadiriwa kuwa na wagonjwa milioni 3.5 mwaka 1986, ilikuwa na 15 tu mwaka 2024, baadhi yao kwa jirani zetu wa Sudan Kusini. Kwa ajili hiyo walinzi wa afya wa mpakani hawajalala.

Jaribio hili lafaa lifanywe mbele ya familia. Chota kikombe cha maji ya tungi, wahesabu saiklopi kwa tochi. Yapitishe katika kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara nne, yaingie katika kikombe cha pili. Tazama kikombe cha pili: hayumo hata mmoja. Geuza kitambaa juu ya sahani nyeupe yenye maji kidogo, nao utawaona wakirukaruka. Kisha waulize watoto: je, maji ya kikombe cha pili yanyweke? Watasema ndiyo. Yaache kikombeni, uyatie kipande kidogo cha jani kavu, na baada ya siku chache ukungu wa bakteria utarudi, maana kitambaa kilichowazuia saiklopi hakikuwazuia wao. Kwa kipindupindu na homa ya matumbo hapana budi maji yachemshwe. Nimewaona wakubwa waliokaa katika semina nyingi wakilielewa jambo hili kwa mara ya kwanza mbele ya vikombe viwili.

Na huyo huyo saiklopi ana upande wake mwema. Wale wakubwa wa ukoo wake huwala viluwiluwi wa mbu wanapotoka tu katika mayai. Huko Vietnam, tangu miaka ya 1990, wanavijiji waliwatia saiklopi katika matangi na mapipa yao ya maji, wakaondoa na vyombo vilivyotupwa ovyo, na mbu wanaoeneza homa ya dengi wakatoweka katika sehemu nyingi. Mlangoni pa mnyoo alikuwa mbeba mizigo, na mlangoni pa mbu akawa askari. Lakini mtu asidhani tungi lake limepata mlinzi wa kutosha. Chandarua cha juu kibaki mahali pake, kwa maana kiluwiluwi akiponyoka, katika joto letu hupata mbawa baada ya siku zipatazo kumi, na hatuwezi kufuga malaria kwa kisingizio cha elimu. Akiwapo, mtazame jinsi alalavyo: wa mbu wa malaria hulala sambamba na uso wa maji, wa mbu wengine wa nyumbani huning'inia kichwa chini. Kisha mtoe.

Watoto watataka kulilisha tungi. Wakatazwe. Chembe ya ugali iliyotupwa humo huwanenepesha bakteria, bakteria humaliza oksijeni, na asubuhi dafnia wote wamelala chini. Mbolea au jivu nalo hugeuza maji kuwa supu ya kijani. Ghuba za Ziwa Victoria zimekuwa zikipata mateso hayo hayo kwa kipimo kikubwa, kutokana na udongo, mbolea na maji machafu ya miji.

Baada ya miezi miwili au mitatu tungi hutulia. Makundi huwa hayapandi wala kushuka kwa kishindo, na watazamaji huanza kupungua isipokuwa wale wenye tabia ya ukaidi. Ikiwa umechoka nalo, maji yamwagwe shambani chini ya migomba, mbali na kisima na kijito. Lakini usitupe tope lote. Litandaze juu ya gazeti kivulini, likauke taratibu, ulifunge katika bahasha na kuiandika tarehe.

Ndani ya vumbi lile wamo rotifa, wanyama wadogo kuliko nusu ya milimita, ambao wakiwa majini huzungusha taji mbili za vinyweleo kichwani, utadhani magurudumu ya gari. Katika ukoo wao mmoja hajapata kuonekana dume hata leo. Maji yakikauka hujikunja wakawa punje. Leeuwenhoek alikusanya vumbi la mfereji wa paa la nyumba yake, akalihifadhi kavu, na mwaka 1702 akaeleza jinsi walivyojikunjua na kuogelea alipolitia maji. Mwaka 2021 wataalamu wa Urusi walitangaza kwamba wamewaamsha rotifa waliokaa ndani ya udongo ulioganda wa Siberia kwa miaka ipatayo 24,000. Bahasha ya binti wa sajini ina miezi saba sasa. Amesema ataifungua siku baba yake atakaporudi kutoka kazini Karamoja, na maji ya mvua ya kutia amekwisha yakinga katika chupa.